Kesi za madeni za Common Pleas zinakukwamisha kwenye mti wa ukoo? Tafuta dalili yako hapa

Tuseme unafuatilia ukoo wa Uingereza, umeshakamua vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia ambavyo navyo vinaanza 1538 tu, na nyuma ya hapo giza. Mtu anakwambia nenda kwenye kesi za madeni za Common Pleas, mahakama ya mfalme ya kesi za watu binafsi, ile iliyokuwa inakaa Westminster. Magombo yake yana namba ya CP 40, yanaanza 1273 hivi na yanashuka mpaka karne ya 19, yametunzwa The National Archives pale Kew, na picha za mengi unaziona bure kwenye tovuti ya AALT ya Chuo Kikuu cha Houston. Unaingia kwa furaha, unatoka na babu ambaye amekufa mara mbili, anaishi kaunti tatu na anadaiwa hela ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Sasa kabla hujalaumu karani. Kila kesi pale ina sehemu mbili zimechanganywa kwenye sentensi moja: kuna maneno ya kisheria yaliyowekwa ili kesi isitupwe nje, na kuna habari za mtu mwenyewe. Ukikwama, mara nyingi umechukua ya kwanza ukadhani ni ya pili, au umeruka ya pili ukidhani ni maneno tu ya mahakama.

Jina la babu halitokei popote

Cha kwanza, umelitafutia wapi? Katalogi ya Kew kwa CP 40 inakupa gombo la muhula fulani (kipindi cha vikao vya mahakama) wa mwaka fulani, basi, majina ya watu waliomo ndani haina. AALT ni picha tupu, hakuna kisanduku cha kuandika jina kikakuletea. Kurasa za wiki (zinazoandikwa na watu wengi) za hiyohiyo tovuti, zinaitwa WAALT, ndo ina faharisi za mihula kadhaa zilizotengenezwa na watu wa kujitolea: kaunti, mdai, mdaiwa, kazi yake, kijiji. Anzia hapo. Kama babu yako ni wa London au alifanya biashara na watu wa London kati ya 1399 na 1500, ingia British History Online, kuna mihtasari ya kesi za Common Pleas kwa Kiingereza, imeandaliwa vizuri sana.

Muhula wako hauna faharisi? Usisome kila kitu utazimia, gombo moja lina mamia ya ngozi zimeandikwa mbele na nyuma. Angalia pembeni kushoto tu. Kila kesi ina jina la kaunti kwenye ukingo, so unapita haraka mpaka uone kaunti yako, unasimama, unasoma mstari wa kwanza, unaendelea. Lakini jua kaunti ile ni mahali kesi ilipofunguliwa, si lazima iwe mahali alipozaliwa wala anapolala mtu wako. Mkulima wa Suffolk aliyekopeshwa na mfanyabiashara wa London anaweza kukaa chini ya London, na ukipita Suffolk peke yake humpati ng'o.

Sababu nyingine ni deni lenyewe kuwa dogo. Mahakama za mfalme kwa kawaida zilichukua madeni ya kuanzia shilingi 40, chini ya hapo watu walimalizana kwenye mahakama za mwenye ardhi wa eneo, za mji au za kaunti. Kwa hiyo mnyonge wa kijijini usimsake Westminster, tafuta magombo ya mahakama ya eneo lake.

Afu kuna watu wanatafuta upande wa wadaiwa tu, sijui kwa nini, labda tunaamini mababu zetu wote walikuwa na shida. Wapo waliokuwa wanakopesha! Mjane mwenye akiba, kasisi, muuza sufu, hawa wanajaa upande wa wadai.

Na kama bado hamna kitu, jaribu C 241, vyeti vya madeni ya wafanyabiashara vilivyotokana na sheria ya Acton Burnell ya 1283 na zilizofuata. Hivyo vimeorodheshwa kwa majina kwenye katalogi ya Kew, mdaiwa nani, mdai nani, kiasi gani. Jaribu pia C 1, malalamiko ya Chancery, yaani mahakama ya Kansela, maana aliyebanwa na deni la uonevu kule Common Pleas alikimbilia huku kulia kwa Kansela, na huku kuanzia karne ya 15 waliandika Kiingereza.

Umepewa namba ya ngozi, unafungua picha, unakuta kesi nyingine kabisa

Namba ya picha si namba ya ngozi. Kwenye AALT picha za mbele na za nyuma ziko mafungu tofauti, ukiona herufi d baada ya namba ni upande wa nyuma. Namba halisi ya ngozi imeandikwa kwenye ngozi yenyewe, isome hiyo, na ndo hiyo uiweke kwenye kumbukumbu zako pamoja na namba ya gombo. Namba ya picha iweke pembeni kama msaada tu.

Tarehe hazikubaliani, babu anashtakiwa kabla hajazaliwa

Hapa kuna mitego mitatu na mara nyingi inakushika yote kwa pamoja.

Mmoja ni mwaka wa utawala. Magombo yanahesabu kwa mfalme aliyepo, si kwa mwaka wa kalenda. Chukua mwaka wa 12 wa Henry VIII, unaanza 22 Aprili 1520 na kuisha 21 Aprili 1521. Mahakama ilikuwa na mihula minne, Michaelmas ya Oktoba na Novemba, Hilary ya Januari na Februari, Easter baada ya Pasaka, na Trinity ya katikati ya mwaka. Sasa Michaelmas ya mwaka huo wa 12 iko 1520 lakini Hilary yake iko 1521, na watu wengi wanaandika 1520 kote kote halafu wanashangaa. Kwa Charles II ndo vituko kabisa, alirudi kwenye kiti 1660 lakini miaka yake inahesabiwa toka baba yake alipouawa Januari 1649, kwa hiyo mwaka wake wa kwanza unaoukuta kwenye magombo ni wa 12.

Wa pili, mpaka 1752 mwaka wa Uingereza kisheria ulianza 25 Machi. Hati ya tarehe 10 Februari 1640 kwa hesabu yetu ni Februari 1641. Andika zote mbili, 1640/41, usichague.

Wa tatu ni kuchanganya tarehe ya kesi na tarehe ya hati ya deni. Ndani ya kesi iliyofika hatua ya mdai kueleza madai yake utakuta siku ambayo hati ilitiwa muhuri, na inaweza kuwa nyuma sana. Sheria ya ukomo ya 1623 iliweka miaka sita kwa mikopo ya mdomo, ila hati zenye muhuri haikuzigusa, hivyo mtu angeweza kushtakiwa kwa karatasi ya ujana wake akiwa na wajukuu. Kwa umri wa babu tumia tarehe ya hati, siku ile tayari alikuwa mtu mzima wa kujifunga kisheria. Tarehe ya kesi inakwambia tu kwamba deni lilikuwa bado halijalipwa, au mdai alidai hivyo.

Mtu mmoja anakaa sehemu tatu

Usimgawanye haraka kuwa watu watatu. Mwaka 1413 ilitoka sheria kwamba kwenye kesi za aina hii ambazo mtu angeweza kuishia kutangazwa nje ya sheria (kuondolewa ulinzi wa sheria), mdaiwa lazima atajwe na hadhi au kazi yake na mahali anapokaa. Kwa mtafuta ukoo hii ni zawadi, kuanzia hapo unapata mkulima wa kijiji fulani, fundi ngozi wa mji fulani, mjane wa mahali fulani. Angalia tu kwamba sheria ilimtaka mdaiwa ndo aelezwe. Mdai anaweza kuwa jina tupu, hana kazi hana kijiji, na hilo si kosa la faharisi wala hakuna ngozi iliyopotea.

Sasa mbona sehemu nyingi? Kwa sababu maelezo ya mdaiwa yanaandikwa na upande wa mdai, na yakikosewa mdaiwa anasimama anasema huyo si mimi, sijawahi kukaa huko, na kesi inaweza kuanguka. Wakili mjanja anajihami, anaweka kila jina na kila mahali panapoweza kumhusu, anaunganisha kwa maneno alias dictus, yaani aitwaye pia. Na mbele ya mahali utaona nuper de, yaani zamani wa pale, ambayo usiichukue kuwa amehama kweli, ni tahadhari tu ili asije akasema nilishaondoka.

Lakini usiitupe hiyo alias. Maelezo yalipaswa kulingana na yaliyo kwenye hati ya deni, kwa hiyo ukiona mtu ni mfanyabiashara wa London alias muuza vitambaa wa Norwich, kuna uwezekano mkubwa alitia muhuri akiwa Norwich na sasa yuko London. Umepata njia ya kuhama kwake na parokia mbili za kwenda kumtafuta, kitu ambacho kitabu cha ubatizo hakikupi.

Mahali pa kutokuamini kabisa ni pale hati ilipodaiwa kuandikwa, hasa magombo ya baadaye. Utakutana na parokia ya St Mary le Bow kata ya Cheap, London, mpaka uchoke. Sio kwamba Uingereza nzima ilikuwa inakopeshana kwenye kanisa moja. Ni fomula ya kuifanya kesi isikilizwe London. Ukimuona babu pale usimwandikie makazi pale.

Deni ni kubwa kuliko mali yote ya ukoo

Gawanya kwa mbili kwanza. Hati nyingi zilikuwa na adhabu ndani yake, mtu anakopa pauni 20 anatia muhuri kwamba anadaiwa 40, na kwa nyuma au chini kuna sharti kwamba akilipa 20 kwa siku fulani hati inakufa. Akichelewa anashtakiwa kwa 40 yote na gombo linaandika 40. Halafu huenda hakukuwa na mkopo wa fedha kabisa, hati za namna hii zilitumika kumbana mtu atimize jambo jingine, kukubali usuluhishi, kutekeleza mkataba wa ndoa, kukabidhi ardhi. Sharti likinukuliwa kwenye kesi lisome lote hata kama ni refu, maana mikataba ya ndoa inajificha humo.

Na hesabu yenyewe: pauni ni shilingi 20, shilingi ni peni 12, na wanapenda kutumia mark ambayo ni shilingi 13 na peni 4. Ukiona iiij na xx ndogo juu yake hiyo ni 80, nne mara ishirini, si 24.

Marehemu anashtaki, au anashtakiwa

Hii ndo dalili ninayoipenda kuliko zote, na watu wanaikimbia wakidhani wamekosea mtu.

Mtu akifa madeni yake hayafi. Wasii aliyetajwa kwenye wosia anadai yaliyokuwa ya marehemu na anadaiwa aliyoacha. Kama hakukuwa na wosia, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na kanisa anafanya kazi hiyo. Kwa hiyo unakuta Fulani, wasii wa wosia wa Fulani mwingine, na papo hapo umejua marehemu alikufa kabla ya muhula ule, kwamba wosia ulikuwepo, na nani aliaminiwa, ambaye mara nyingi ni mke, mtoto wa kiume, ndugu au mkwe. Wosia wenyewe unaweza kuwa umeshapotea na gombo likawa ndo ushahidi pekee uliobaki kwamba uliwahi kuandikwa.

Kuna alama ya kuipata haraka hata ukiwa unasoma kwa kubabaisha. Kesi ya kawaida inasema mdaiwa alipe fedha quas ei debet et iniuste detinet, anazodaiwa na anazozizuia bila haki. Akihusika wasii au msimamizi, upande wowote ule, lile debet linaondolewa inabaki detinet peke yake, sababu deni halikuwa la kwake yeye binafsi. Ukipita ngozi na ukaona debet haipo, rudi nyuma usome taratibu, kuna maiti kwenye hiyo kesi.

Wanawake sasa. Mke aliyeolewa hakuweza kushtaki peke yake, lazima mume awemo. Mjane akiolewa tena huku bado ni wasii wa mume wa kwanza, utasoma John na Alice mkewe, wasii wa wosia wa William, aliyekuwa mume wake. Mstari mmoja! Umepata mume wa kwanza, mume wa pili, kifo cha wa kwanza, na ndoa ya pili imeshafungwa kabla ya muhula huo. Kama wasii wako watatu na Alice ni mmoja wao, wengine wawili waandike, uwezekano ni kaka wa marehemu au wa Alice mwenyewe, na kama si hao basi watu wao wa karibu.

Ukishapata hiyo, fuatilia kesi hiyohiyo mihula ya mbele na nyuma. Mhusika akifariki kesi ya zamani ilikufa naye na ilibidi ianze upya kwa jina la wasii, kwa hiyo muhula wa mwisho aliotajwa yeye na muhula wa kwanza aliotajwa wasii vinakubania kifo katikati. Usiseme alikufa siku fulani, ila dirisha unalo, na wakati mwingine ni la miezi michache tu.

Aina nyingine adimu zaidi ni mrithi kushtakiwa. Hati ikiwa imewafunga warithi kwa kuwataja, na baba akaacha ardhi, mtoto anaitwa filius et heres, mwana na mrithi wa fulani. Hapo undugu umeandikwa wazi, piga picha, weka nakala mbili.

Kesi inajirudia miaka na haiishi

Haijaharibika, ndivyo zilivyo nyingi. Sherifu anaagizwa amlete mdaiwa, anajibu hakupatikana au hana kitu, anaagizwa tena, na tena. Mdai mwenyewe mara nyingi hakutaka hukumu, alitaka jamaa abanwe wamalizane nje, wakishamalizana kesi inapotea bila neno. So usikae kusubiri hukumu. Chukua kila rudio linganisha maelezo, kijiji kinaweza kubadilika kati ya muhula mmoja na mwingine.

Akiendelea kukaidi anaitwa kwenye vikao vitano vya kaunti mfululizo, asipotokea anatangazwa kuwa nje ya sheria, utlagatus. Hapa watu wanaanza kusimulia kwamba babu alikuwa jambazi wa msituni. Alikuwa na deni tu jamani. Ila fursa iko hapo: aliyetangazwa hivyo aliomba msamaha wa mfalme, na misamaha hiyo imo kwenye Patent Rolls, magombo ya barua za wazi za mfalme, ambazo muhtasari wake umechapishwa kwa Kiingereza na una faharisi ya majina. Inataja mtu, kazi, kijiji, anayemdai na kiasi. Mimi ningeanzia huko hata kabla ya CP 40, ukipata msamaha unarudi kwenye gombo ukijua unatafuta kaunti gani na mdai gani.

Majina ya watu wengine kwenye kesi, ni ndugu au vipi?

Wakili si ndugu. John Doe na Richard Roe walioandikwa kama wadhamini wa kesi si ndugu na wala si watu, ni majina ya kujazia nafasi. Waliomwapia mdaiwa akijitetea kwa kiapo, kumi na mmoja na yeye wa kumi na mbili, wanasisimua sana kuwaona lakini Westminster wengi walikuwa watu wa kukodi, usiwajengee ukoo. Utaratibu huo umefutwa 1833.

Wanaofaa ni wadaiwa wenza. Ukiona watu watatu, mdai mmoja, kila mmoja anadaiwa pauni 10 zilezile, karibu hakika ni hati moja waliyotia muhuri pamoja, na hakuna anayejifunga kwa deni la asiyemjua. Hao watafute kwenye wosia za kijiji.

Na senior na junior isikudanganye. Inawatenganisha wawili wa jina moja mahali pamoja, baba na mwana, mtu na mpwa wake, hata wasiohusiana kabisa. Mkubwa akifa mdogo anaacha kuitwa mdogo, au anageuka mkubwa kama kuna mwingine chini yake.

Hati haisomeki

Ni Kilatini cha kukatakata mpaka 1733, isipokuwa kipindi cha 1651 hadi 1660 ambacho waliandika Kiingereza na kwa mwandiko wa kawaida. Anza na gombo la miaka hiyo hata kama halina babu yako, fomula ni zilezile, ukishazijua kichwani Kilatini kinakuwa cha kubahatisha majina tu. Majina yenyewe yamegeuzwa, Jacobus ni James, Radulfus ni Ralph, Egidius ni Giles, Galfridus ni Geoffrey. Kwenye jina la ukoo hesabu vijiti vya i, m, n na u usikisie, maana vinafanana vyote na herufi moja inakuhamisha ukoo.

Karne ya 18 na 19, kesi ipo lakini mtu katoweka

Angalia jela. Mpaka 1861 asiyekuwa mfanyabiashara hakuweza kutangazwa mufilisi, akishindwa kulipa alifungwa na kubaki huko mpaka aachiliwe chini ya sheria za wadaiwa wasio na uwezo. Rejesta za jela za Fleet, King's Bench na Marshalsea ziko Kew kwenye mafungu ya PRIS. Baba yake Charles Dickens aliingia Marshalsea 1824, kwa hiyo usione aibu, upo na watu. Kifungo cha madeni kilipunguzwa sana na sheria ya 1869.

Waliokuwa wanaomba kuachiliwa walitakiwa kutangaza kwenye gazeti la serikali, London Gazette, toka 1712, na lenyewe unalisoma na kulitafuta bure mtandaoni. Matangazo ya karne ya 19 yanaweza kutaja makazi kadhaa aliyopitia mtu na kazi alizofanya, moja baada ya nyingine, sababu wadai wake wa kila mahali walipaswa kumtambua. Kwa kesi ndogo za kuanzia 1847, zilipofunguliwa mahakama mpya za kaunti, kumbukumbu nyingi hazikuhifadhiwa, so usipoteze muda mwingi huko, nenda moja kwa moja kwenye Gazette na magazeti ya mji wake.